Nilijua Uko Sawa, Nikanyamaza

Faida, mama,

Mvua imenyesha tangu asubuhi na shamba halikanyagiki. Nimekaa karibu na mlango, daftari juu ya goti, naandika kwa kalamu uliyoiacha mezani. Wewe uko Mbarara kumuaga Mwalimu Tumusiime, na umesema utarudi mapema. Kesho saa kama hizi utakuwa umeshapita Biharwe, basi linakupeleka Kampala, na huko ndege, na baada ya ndege mimi sijui, maana nchi unayokwenda nimeiona kwenye ramani tu.

Mambo ya sweta, ya karatasi za safari, ya kutokula ovyo njiani, shangazi yako aliyasema yote jana, mengine mara mbili. Hapo sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja. Nimelibeba miaka mitano, na kila nilipotaka kulitua nililikuta zito kuliko jana yake. Nikikuacha uondoke bila kulisikia, nitakuwa nimekusindikiza kwa uongo.

Unaikumbuka Jumapili ile ya bugali. Najua unaikumbuka, ingawa hujaitaja hata siku moja.

Ulikuwa mwaka wa tatu chuoni. Ulikuja nyumbani hapa Nakivale kwa likizo, na baada ya ibada tulikuwa na wageni: mchungaji na mke wake, na jirani yetu Melkiori, yule Mrundi tuliyepakana naye shamba. Mama yako alikuwa amepika bugali na samaki wakavu. Mchungaji akakuuliza, kwa upole kabisa, unajifunza nini huko Mbarara.

Uso wako ukafunguka. Ukasema, "Najifunza namna ulimwengu wote ulivyoanza. Mimi na Mwalimu wangu tunatafuta ni nini kiliusukuma."

Melkiori akacheka. "Si Mungu?"

"Mungu, ndiyo. Lakini tunataka kujua alitumia nini."

Hata mchungaji alicheka kwa hilo. Kisha ukaeleza, na leo nakiri kwamba katika miaka yangu yote ya kufundisha sikuwahi kueleza jambo gumu kwa maneno mepesi hivyo. Ulisema mwanzoni kabisa vyote tunavyoviona vilikuwa vimebanwa mahali padogo kuliko punje ya mtama, halafu nafasi yenyewe ikavimba ghafla, kwa muda ambao kupepesa jicho ni karne mbele yake. Ulisema wengi wanadhani kilichoivimbisha ni kitu kilichojaa kila mahali kama joto katika maji ya sufuria: ukichovya kidole huku ni moto, ukichovya kule ni moto, na joto halielekei popote. Lakini kitu hicho ni cha kukisia, ukasema, hakuna aliyekishika. Wewe ulitaka kujua kama kazi ile ingeweza kufanywa na jamaa za umeme na sumaku, ambazo wanafizikia wanaziita nyuga za geji. "Hizo tunazijua," ukasema. "Tunaishi nazo kila siku."

Mimi nilikuwa nikitafuna, na ndani yangu kulikuwa na kitu kinachotafuna pia. Nikaweka tonge chini.

"Umeme na sumaku zina upande, kama mshale," nikasema. "Dira inaelekea kaskazini, haielekei kila fasi. Kitu chenye upande kikisukuma ulimwengu, kitauvuta kwa upande wake, kama mtu anayevuta unga uliokandwa wa mandazi. Na mwanga wa kale wa angani, uliobaki tangu mwanzo, umepimwa, unafanana pande zote. Basi, kwisha. Kazi yako imekufa kabla haijazaliwa."

Hukukasirika. Ulisema, "Ni kweli, Papa, kama mushale ni mumoja. Lakini hizi ziko tatu."

Ukamega tonge, ukaliviringisha mkononi. Ukachukua kiberiti cha mama yako, ukatoa njiti tatu, ukazichomeka kwenye lile tonge. "Huyu anaelekea juu. Huyu anaelekea ziwani. Huyu anaelekea kwenye kilima. Zina nguvu sawa, na zimeungana, si kama umeme wa kawaida ambao kila mmoja anakwenda peke yake. Ukigeuza tonge, zinabadilishana zamu. Jumla inabaki ile ile. Hakuna upande unaopendelewa."

Mke wa mchungaji akasogeza kichwa aone vizuri. Mama yako aliacha kupakua. Na mimi, Faida, nilicheka. Nilicheka kwa sauti ili wageni wacheke pamoja nami.

"Bugali ni ya kula," nikasema. "Nimefundisha fizikia miaka kumi na miwili, leo mtoto anakuja kunifundisha kwa njiti za kiberiti. Huko wanakulisha ujinga, na wewe unakuja kuutapika mbele ya wageni."

Melkiori alicheka kidogo, akaacha. Mchungaji akatazama sahani yake. Wewe ulitoa njiti moja moja, ukazirudisha kwenye kiberiti, ukala lile tonge polepole mpaka likaisha. Kisha ukasimama kuwanawisha wageni mikono.

Wiki mbili baadaye ulituma ujumbe kwa mama yako kwamba umebadilisha kazi yako. Sasa utapima jinsi vumbi linavyopunguza nguvu ya sola kwenye mapaa. Mwalimu Tumusiime alikuwa tayari kuzipeleka kurasa zako za kwanza kwa wenzake ng'ambo, nawe ulimwomba asizipeleke. Hayo niliyajua baadaye sana. Siku ile mama yako aliponisomea ujumbe, nilisema, "Vizuri. Sola ina kazi."

Labda utauliza ni kitu gani kilikuwa kinanitafuna. Nitakwambia, si ili unihurumie.

Nilipokuwa na umri wako nilikuwa chuoni Bukavu. Nilitoka Fizi, na wenzangu wengi walikuwa watoto wa mjini. Siku moja, mwaka wa kwanza, nilinyoosha mkono nikamuuliza mwalimu mmoja: kama pembe mbili za anga hazijawahi kufikiana, hata kwa mwanga, kwa nini zinafanana joto? Leo najua lilikuwa swali halisi. Ndilo swali ambalo huko kuvimba kwenu kulibuniwa kulijibu. Yule mwalimu alinitazama miguuni, akasema kwa Kifaransa kwamba watu wa Fizi wajifunze kwanza kuvaa viatu. Darasa zima lilicheka. Nilikuwa nimevaa viatu, lakini vilikuwa vya mjomba wangu na vilinizidi. Sikunyoosha mkono tena mpaka namaliza chuo. Nilikuwa na maswali, nikayaweka yakaoza.

Kwa hiyo Jumapili ile kicheko nilikijua. Nilikijua sauti yake na nilijua kinapopiga. Nilikitoa nilikokuwa nimekihifadhi, nikakupa wewe.

Na tulipofika Nakivale, wewe ukiwa na miaka saba, walinipa nafasi shuleni, kumsaidia mwalimu wa hesabu, kwa sababu Kiingereza changu kilikuwa cha kubahatisha. Nilikataa. Nilisema mtu aliyefundisha sekondari hawezi kufuta ubao wa mwenzake. Mama yako alinisihi. Miaka kumi na zaidi nimelima mahindi na maharage kwa hasira, na wewe uliyekuwa ukifanya hesabu kwenye mchanga wa uwanja, ulinikuta kila jioni na jembe, hukunikuta na chaki. Hesabu zako za utotoni ulifundishwa na watu wengine. Hilo nalo ni langu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Uliporudi chuoni baada ya likizo ile uliacha kurasa kadhaa ulizopiga chapa, zikiwa chini ya godoro lako. Mama yako alizikuta akifagia. Alikuwa anauza karanga wakati ule, na alizikunja tayari kufungia karanga. Nikamwambia azilete. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka kuona kosa lako kwa macho yangu, ili nilale vizuri.

Nilikwenda nazo shambani. Ilikuwa baada ya palizi, hakuna kazi kubwa. Nilikaa kwenye kivuli cha migomba ya Melkiori na penseli, na mgongoni mwa kurasa zako nikaanza kuhesabu. Ilinichukua wiki tatu. Mambo mengine nilikuwa nimeyasahau kabisa, ikabidi niyajenge upya kutoka chini kama mtu aliyepoteza nyumba. Niliandika mishale mitatu, kila mmoja kwenye mhimili wake. Nikahesabu msukumo wa upande wa kwanza, nikahesabu wa pili, wa tatu. Yote mitatu ilikuwa sawa. Nikasema nimekosea alama mahali. Nikarudia. Nikageuza mihimili yote, nikitafuta pa kukunasa, na kila nilipoigeuza anga, ile mishale ikajipanga upya yenyewe na jumla ikabaki ile ile, kama ulivyosema na tonge lako mkononi.

Halafu nikatafuta kosa jingine. Nilikumbuka kwamba umeme wa kawaida hupungua upesi sana nafasi inapopanuka, hauwezi kusukuma kwa muda wa kutosha. Nikafurahi. Nilifurahi, Faida, naandika neno hilo kwa aibu. Nikafungua ukurasa wa nne na nikakuta umelijua hilo pia; ulikuwa umeweka kiungo kingine katika mlinganyo, kile kinachozifanya nguvu zile zisukume nje badala ya kufifia, na ulikuwa umeeleza kwa nini.

Nilikaa pale mpaka ng'ombe wa watu wakapita kwenda majini. Nilijua uko sawa. Kosa langu lilikuwa kosa la mtu aliyejua mlango mmoja wa nyumba akadhani nyumba haina mwingine.

Simu ilikuwa mfukoni. Ingekuwa jambo la dakika moja. "Mama, nimehesabu, uko sawa, nisamehe." Nilikunja zile kurasa, nikazitia ndani ya gunia la mbegu za maharage, nikarudi nyumbani.

Kiburi, utasema, na kweli kiburi kilikuwepo. Lakini haikuwa hicho tu. Kazi ya sola iko Mbarara. Iko Isingiro, iko hata hapa kambini. Kutoka Mbarara kuja Nakivale ni asubuhi moja. Lakini mwanzo wa ulimwengu haufanyiwi kazi Mbarara. Nilijua nikikwambia uko sawa utainuka, na ukiinuka utakwenda, na ukienda kwenye kazi za namna hiyo mtu harudi kwa sikukuu. Nilikuwa nimeshaacha Fizi, nimeacha kaburi la mama yangu, nimeacha wadogo zangu wawili ambao mpaka leo sijui walipo. Nilijisemea: huyu mmoja abaki. Nikakuita mpumbavu ubaki karibu. Na nilipojua si mpumbavu, nikakuacha uendelee kuamini hivyo.

Mama yako alizikuta zile kurasa wakati wa kupanda. Alimimina mbegu kwenye ungo, karatasi zikatoka. Hakusoma fizikia, lakini mwandiko wangu aliujua, na alijua mume wake hawezi kujaza kurasa namna ile kwa jambo la kipumbavu.

"Papa Faida," akasema, "hizi unamufichia nani?"

Nikamwambia ukweli. Kwake sikuwahi kuweza kusema uongo zaidi ya dakika mbili.

Akakaa chini na ungo wake. "Basi mwambie mutoto."

"Nitamwambia akija Pasaka."

Ulikuja Pasaka. Ulituonyesha picha za mapaa na vumbi. Ulikuwa umekonda. Mama yako alinikodolea macho kutoka jikoni, muda wote wa chakula, na mimi nikakuuliza habari za betri.

Mwaka uliofuata akaanza kuumwa figo. Hayo unayajua kuliko mimi, maana ni wewe uliyekuwa ukimpokea Mbarara, ukimlaza kwenye chumba chako kidogo cha Ruharo, ukimsindikiza hospitali, ukirudi darasani na macho mekundu. Ulimaliza chuo hivyo. Sijawahi kukushukuru kwa maneno. Nashukuru sasa.

Lakini kuna mchana mmoja usioujua. Ulikuwa umetoka wodini kumfulia nguo. Mimi nilikuwa kwenye benchi kando ya kitanda. Alikuwa kama amelala, akafungua macho.

"Ile karatasi ya kwenye maharage. Ulimwambia?"

"Bado."

"Unangoja nini?"

"Nangoja upone, tukae wote watatu."

Akatikisa kichwa juu ya mto, polepole, maana kila kitu kilikuwa kinamuuma. "Mimi usinifanye kisingizio," akasema. Kisha akasema: "Mutoto anafikiri baba yake anamuona bure. Nikifa na yeye bado anafikiri hivyo, ni wewe utabaki unamutazama. Mimi sitakuwepo kukusaidia."

Nikaapa. Nilimshika mkono nikaapa kwa jina la Mungu kwamba nitakwambia kabla ya wiki kwisha. Wewe ukaingia na ndoo tupu, ukatuuliza tunaongea nini, mama yako akasema, "Baba yako ana habari yako." Ukanitazama. Ulingoja. Nikasema, "Nguo zimepata jua?"

Akageuza uso ukutani. Siku nne baadaye alifariki.

Faida, nimefiwa na watu wengi, lakini kifo kile peke yake ndicho nilichokifuata mpaka kaburini na ahadi mkononi kama mtu aliyeshika kitu cha wizi. Waliponipa nafasi ya kusema neno pale makaburini, nilisimama, nikakuona umemshika shangazi yako, na neno lililokuja mdomoni lilikuwa lile. Nilifikiri, hapa, sasa. Nikasema asanteni kwa kuja.

Baada ya miezi, ulikaa nami hapa hapa mlangoni ukaniambia Mwalimu Tumusiime alikuwa amezitunza kurasa zako za kwanza, na kwamba umeomba kusoma shahada ya pili kwa kazi ile ya zamani. Ulisema, "Papa, najua haukubali. Lakini nimerudia." Ulisema ukitazama chini, kama mtu anayeungama dhambi. Na kosa lilikuwa langu! Nilikuwa na nafasi pana kama shamba. Nilisema, "Sawa."

Neno lile dogo umelala nalo miaka miwili. Umefanya kazi yote ile ukidhani unaifanya kinyume changu. Nilijua ulipokuwa unakwama, maana shangazi yako aliniambia. Nilijua siku ulipolia kwa sababu mahesabu yako yalikataa kukamilika. Ningeweza kukaa nawe na penseli. Sikuwa na akili ya kukusaidia sana, lakini angalau usingekuwa peke yako.

Ndipo ikaja siku ya kuitetea kazi yako. Nilivaa koti la harusi ya Melkiori, nikakaa mstari wa nyuma. Ulisimama mbele ya wale walimu, ukaeleza mishale mitatu, ukaeleza kwamba kuvimba kwa namna hiyo kungeacha alama: mawimbi ya mvutano yanayojisokota, na yale yanayojisokota kushoto na kulia yasingekuwa sawa, na kwamba siku moja watu wanaweza kuyatafuta katika ule mwanga wa kale. Hukuficha ubaya wake pia. Ulisema modeli ya kwanza, ile safi kuliko zote, vipimo vya anga vimeshaikataa, na kwamba unafanya kazi na ndugu zake waliobaki, na hujui kama nao watapona.

Mwalimu mmoja mgeni akanyoosha mkono. Akauliza kwa Kiingereza, na hata mimi nilimwelewa: kitu chenye upande, si kitauvuta ulimwengu upande mmoja?

Wewe ulitabasamu. Ukasema, "Hilo ndilo swali la kwanza nililoulizwa kuhusu kazi hii. Aliniuliza baba yangu, tukiwa mezani. Ni mwalimu wa fizikia. Ni swali zuri kuliko yote, na sura ya pili yote nimeiandika ili nimjibu." Kisha ukaninyooshea mkono. "Ni yule pale."

Watu wakageuka. Wakapiga makofi, Faida. Walinipigia mimi makofi. Mwalimu Tumusiime alikuja baadaye akanishika mkono kwa mikono miwili, akaniambia kwa Kiswahili chake cha Uganda, "Mzee, wewe ndiyo ulianza hii kitu. Mtoto yako iko na kichwa, na kichwa ametoa kwako." Nami nikasema asante. Niliila ile heshima yote kama chakula cha msiba, nikairudisha Nakivale tumboni, na wiki nzima sikuweza kula kingine.

Ulinitukana? Hapana. Ulichukua aibu niliyokupa mbele ya watu, ukaifanya swali zuri, ukanirudishia mbele ya watu. Sijui ulijifunzia wapi. Si kwangu. Nadhani ni kwa mama yako.

Sasa unakwenda kuiendeleza kazi hii mahali ambapo kila mtu mezani atakuwa anajua hesabu. Wengine watakucheka. Sina dawa ya hilo. Ninachojua ni kwamba kicheko cha yule mwalimu wa Bukavu kilikuwa cha sekunde chache, na mimi ndiye niliyekilisha miaka thelathini. Na siku moja, si lazima kwa hasira, utakosea juu ya mtu aliye chini yako. Utajua umekosea. Siku ya kwanza neno ni jepesi, hata mtoto analibeba. Mwezi ukipita linakuwa gunia. Mimi nimefika mahali limekuwa kaburi, na aliyenituma kulisema yuko ndani.

Na kama hatimaye anga itasema hapana? Kama watapima yale mawimbi na yasiwepo, na ndugu wote wa modeli yako waende kama yule wa kwanza? Nimeliwaza sana hili. Ninyi mna bahati moja ambayo mimi sikujipa: huko kwenu kitu kikiwa si kweli, mtu husema, si kweli, anaandika jina lake chini, na kesho anarudi kazini. Nimekutazama ukisema hivyo kuhusu modeli ya kwanza, bila kutetemeka. Nilikuonea wivu.

Basi niliseme vizuri, kwa mkono wangu. Faida binti Mwamini, Jumapili ile ulikuwa sawa. Nilijua wiki chache baadaye, chini ya migomba, kwa hesabu zangu mwenyewe. Nilinyamaza kwa kiburi na kwa kuogopa kubaki peke yangu. Mama yako aliniomba nikwambie, nikaapa, nikavunja kiapo. Hakuna mtu mwingine wa kulaumiwa. Hujawahi kuwa mpumbavu machoni pangu hata siku moja, hata nilipokuwa nacheka.

Siombi unisamehe kabla ya kupanda basi. Msamaha wa haraka haraka unaweza kuwa njia nyingine ya kufunga mdomo wa mtu. Kaa nalo. Ukinikasirikia mwaka, au miaka, nitajua angalau unamkasirikia mtu wa kweli.

Mvua imeacha. Nilikuwa nimepanga kuikunja barua hii na kuichomeka ndani ya begi lako, chini ya nguo, uikute huko ukifika. Nilipofika kwenye mstari huu ndipo nilipoona ninachofanya: natafuta tena mahali pa kuficha karatasi, na safari hii gunia ni lako. Ningekuwa hapa na wewe huko, usiweze hata kunitazama usoni.

Pikipiki imesimama barabarani, nasikia unamuaga dereva kwa Kinyankole. Unapanda njia. Naandika haraka. Nitakupa karatasi hizi mkononi, nitakaa kwenye benchi mbele yako mpaka umalize kusoma, na sitaongea. Ukitaka kusema lolote, sema. Usipotaka, bado kesho nitakubebea begi mpaka barabarani.

Baba yako